Kompyuta Iliyozimia Mezani: Kisa cha Sumaku na Kifuniko

Mwalimu mmoja wa fizikia, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu chuoni, alinijia ofisini siku moja akiwa amebeba kompyuta mpakato mbili zilizofungwa pamoja kwa kanga. Akazitua mezani, moja juu ya mwenziwe.

“Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mgonjwa.”

“Marahaba. Anaumwa nini?”

“Anazimia. Nikiandika maneno mawili matatu, kioo kinakuwa cheusi. Nikibonya swichi anazinduka, kisha anazimia tena.”

Ilikuwa hadithi ndefu. Shule yake ilipewa kompyuta 14 zilizokwisha kutumika kwingineko, na katika muda wa miaka miwili 6 kati ya hizo zilikuwa zimewekwa kando kwa maradhi ya namna hiyo au yanayofanana nayo. Fundi mmoja alikuwa amekata shauri kwamba bodi kuu za mashine hizo zimekufa, na bei aliyoitaja kwa kila bodi ilikaribia bei ya kompyuta nzima ya mtumba. Mkuu wa shule alikwisha kuandika orodha ya vifaa vya kufutwa. Jambo lililomfanya mwalimu huyu apande basi alfajiri ni kwamba ndani ya mmoja wa wagonjwa hao zilikuwamo alama za mazoezi ya Kidato cha Nne za mwaka mzima, naye alitakiwa kuziwasilisha wiki ileile.

Aliifungua ile ya juu, akaiwasha. Kioo kikang'aa. Akaisogeza kidogo ili ikae sawasawa juu ya mwenziwe, na papo hapo pakawa giza. Nilimwomba aiondoe pale na kuiweka juu ya meza tupu. Ikawaka, na ikaendelea kuwaka. Tulizungumza nusu saa nzima huku akinakili alama zake zote, nayo haikuzimia hata mara moja. Hatukuwa tumelegeza hata skrubu moja.

Makala haya yanakusudia kueleza kilichotokea pale mezani, maana sababu yake imo katika somo la sumaku na mkondo wa umeme ambalo msomaji amelisoma au analifundisha, na maana naamini kwamba kompyuta nyingi zilizozikwa katika stoo za shule zetu zilizikwa zingali hai.

Tuanze na swali ambalo huonekana la kitoto: kompyuta hujuaje kwamba kifuniko chake kimefungwa? Haina macho, wala haihisi uzito wa kifuniko. Kompyuta nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na kijiti kidogo karibu na bawaba. Kifuniko kikishuka kilikisukuma kijiti hicho, nacho kikabonya swichi. Njia hii ni rahisi kuielewa, lakini vumbi na makombo huingia katika tundu la kijiti, na springi huchoka. Watengenezaji wengi wakaiacha. Badala yake walitia sumaku ndogo, pengine yenye ukubwa wa punje ya mchele, katika ukingo wa kifuniko, na chini yake, ndani ya kiwiliwili cha mashine, wakaweka kihisi cha sumaku. Kifuniko kikishuka, sumaku hukaribia kihisi. Basi kompyuta haijui lolote juu ya kifuniko. Ijuacho ni kwamba mahali fulani katika bodi yake pana uga wa sumaku wenye nguvu ya kutosha, na kutokana na hilo hukisia kwamba kifuniko kimefungwa. Uga huo ukitoka kwingine, kompyuta hukisia vilevile, tena bila wasiwasi wowote.

Kihisi chenyewe kina asili ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, kijana wa miaka 23 aitwaye Edwin Hall alikuwa akisoma kitabu cha Maxwell juu ya umeme na sumaku. Maxwell alikuwa ameandika kwamba sumaku inapousukuma waya wenye mkondo, kani hiyo huushika waya wenyewe wala haiushiki mkondo uliomo ndani yake. Hall hakuridhika. Mwalimu wake, Henry Rowland, alikuwa amekwisha kujaribu jambo hilo bila kufaulu. Hall alibandika jani jembamba mno la dhahabu juu ya kioo, akapitisha mkondo toka mwisho mmoja hadi wa pili, kisha akaliweka kati ya ncha za sumaku ya umeme. Akaona volteji ndogo ikitokea kwa upande, yaani kukingama na njia ya mkondo. Mkondo wenyewe ulikuwa ukisukumwa pembeni. Msomaji akumbuke kwamba elektroni haikugunduliwa na J. J. Thomson ila mwaka 1897. Hall alipima msukumo juu ya kitu ambacho bado hakuna aliyekijua.

Kwa lugha ya leo tunasema hivi. Elektroni zinapotembea katika bamba lililo ndani ya uga wa sumaku, husukumwa upande mmoja wa bamba. Upande huo hujaa chaji hasi na upande wa pili hubaki na upungufu, mpaka volteji ya pembeni iwe na nguvu ya kuzizuia elektroni nyingine zisiendelee kusukumwa. Volteji hiyo ni V = IB/(nqt), ambapo I ni mkondo, B ni uga wa sumaku, n ni idadi ya elektroni huru katika mita moja ya ujazo, q ni chaji ya elektroni moja na t ni unene wa bamba.

Nawasihi walimu wasiipite kanuni hii mbio, kwani mna hesabu nzuri ndani yake. Chukua jani la dhahabu lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya mikromita. Dhahabu ina elektroni huru yapata 5.9 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo. Pitisha mkondo wa ampea 0.1 katika uga wa tesla 0.5, ambao si uga mdogo hata kidogo. Jibu ni yapata mikrovolti 53 tu. Sasa chukua nusu-kipitishi, mathalani silikoni iliyotiwa uchafu kidogo kwa makusudi, yenye elektroni huru 10²² katika mita ya ujazo, na unene wa mikromita 10. Ipitishie miliampea 1 tu katika uga wa militesla 10, unaoweza kutoka katika sumaku ya kubandika karatasi kwenye jokofu. Utapata yapata mikrovolti 625. Mkondo umepunguzwa mara 100, uga umepunguzwa mara 50, bamba limefanywa nene mara 100, na bado volteji imezidi mara kumi na zaidi! Siri iko katika n. Elektroni chache zinapobeba mkondo hulazimika kwenda mbio zaidi, na kilicho mbioni zaidi husukumwa zaidi na sumaku. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu, nilitumia miaka mitatu nikipima volteji ya Hall katika vipande vya nusu-kipitishi vilivyopozwa kwa hewa iliyogeuzwa maji, wala sikudhani kwamba maarifa hayo yangekuja kunifaa juu ya kompyuta iliyofungwa kwa kanga.

Ndani ya kihisi cha kompyuta, volteji hiyo ndogo hukuzwa, kisha hulinganishwa na kizingiti. Katika vihisi vingi vya aina hii kizingiti ni militesla chache tu. Uga wa dunia, huku kwetu karibu na ikweta, ni yapata mikrotesla 33, yaani hata sehemu moja ya hamsini ya kizingiti haufiki. Dira haiwezi kuilaza kompyuta. Tena vizingiti ni viwili: kimoja cha kusema “pamefungwa,” na kingine kilicho chini kidogo cha kusema “pamefunguliwa.” Lau kingekuwa kimoja, kifuniko kinachotikisika mpakani kingeifanya mashine ilale na kuamka mara kumi kwa sekunde. Kihisi hutumia mikroampea chache tu, kwa kuwa hakikeshi. Huamka mara kadhaa kwa sekunde, hupima, kisha hulala tena.

Sasa turudi mezani. Kompyuta ya chini ilikuwa imefungwa. Katika kifuniko chake mlikuwa na sumaku ya kihisi na, kama ilivyo katika mashine nyingi, sumaku nyingine zenye nguvu zaidi za kukikamata kifuniko kisifunguke ovyo. Kompyuta ya juu ilikuwa ya muundo uleule, kwa hiyo ilipokaa sawasawa, kihisi chake kilikuwa juu kabisa ya sumaku za mwenziwe. Unapokuwa mbali kidogo na sumaku ndogo, uga hupungua kwa mche wa umbali: umbali ukizidishwa mara mbili, uga hubaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana kuisogeza mashine kwa upana wa kidole kulitosha kuitia giza au kuirudishia nuru. Shuleni kwao, kumbe, walimu walikuwa wamezoea kuitumia kompyuta moja kuwa kiinuo cha nyingine, ili kioo kiwe juu kidogo mbele ya macho.

Sumaku nyingine za kutilia shaka ni nyingi kuliko zamani. Ziko katika vifungo vya bangili za saa, katika majalada ya simu, katika midomo ya mikoba, katika vipaza sauti vidogo na katika visikizi. Mtu anapoandika, kifundo cha mkono wake wa kushoto hukaa mahali palepale ambapo watengenezaji wengi huweka kihisi. Kompyuta ikizimia kwa mtu mmoja na isizimie kwa mwingine, tazama mikono yao kabla ya kutazama bodi.

Jaribio la darasani si gumu. Ili kuipata sumaku, funga kibanio cha karatasi kwenye uzi na ukipitishe polepole ukingoni mwa kifuniko, kitavutwa. Simu zenye programu ya dira zitafanya kazi hiyo pia, maana mshale wake utayumba. Ili kukipata kihisi, iwashe kompyuta huku kifuniko kikiwa wazi, kisha upitishe sumaku ndogo ya jokofu juu ya kingo za kiwiliwili, kushoto na kulia, ukiigeuza ncha zake zote mbili, kwa kuwa vihisi vingine huitikia ncha moja tu. Kioo kikizimika umekwisha kukipata, na umethibitisha kwamba kihisi ni kizima. Sumaku iwe ndogo. Sumaku kubwa za neodimi zisikaribishwe kwenye mashine yenye diski izungukayo. Unga wa chuma, ambao sote twaupenda kwa kuchorea mistari ya uga, usionekane kabisa katika chumba hicho. Nimeona kibodi moja iliyoharibiwa hivyo, nami singependa kuona ya pili.

Lakini kihisi ni mjumbe wa kwanza tu. Habari yake hupokewa na kidhibiti kidogo kilichomo katika bodi, ambacho hubaki macho hata kompyuta ikilala. Kidhibiti humwarifu mjumbe wa tatu, yaani programu iliyotiwa katika mashine kiwandani, nayo huwasiliana na mfumo endeshi kwa kanuni ziitwazo ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba. Mfumo endeshi ndio unaoamua la kufanya kufuatana na matakwa ya mwenye mashine: kulala, kuzima kabisa, au kutojali. Utafutaji wa ubovu si kitu kingine ila kumwuliza kila mjumbe kwa zamu: wewe ulisikia nini?

Mfumo endeshi ndio rahisi kuulizwa. Katika Linux, ndani ya folda /proc/acpi/button/lid mna faili fupi iitwayo state, ukiisoma itajibu kwa Kiingereza “open” au “closed.” Ikijibu “closed” nawe unakitazama kifuniko kilicho wazi, basi ubovu uko chini, kwa kihisi, sumaku au kidhibiti, usipoteze muda kubadili mipangilio. Ikijibu sawasawa lakini mashine hailali, ubovu uko juu, katika mipangilio. Mojawapo ya mambo yanayowababaisha walimu ni hili: Linux yenye mpango wa kawaida haijali kifuniko iwapo kioo cha pili kimeunganishwa, na projekta ya darasani ni kioo cha pili. Si ubovu hata kidogo. Katika Windows, amri powercfg /a hutaja aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, na powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho.

Kidhibiti kidogo nacho huweza kuchanganyikiwa. Dawa yake ya kwanza ni kuizima kompyuta, kuchomoa chaja na kuondoa betri kama inaondoleka, kisha kubonya swichi ya kuwashia kwa muda wa nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani imalizike. Dawa hii inafanana na uganga, na mafundi huifanya bila maelezo. Ukweli ni kwamba kidhibiti hakikuwa kimezimwa kabisa tangu betri ilipotiwa, na sasa kimelazimika kuanza upya.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa msomaji akikumbuke, kwani kilinisumbua mimi mwenyewe majuma mawili. Kompyuta yangu iliamka vizuri kila nilipoifungua, ikakaa takriban nusu dakika, kisha ikalala tena. Ukiiamsha mara ya pili, hutulia. Sababu ni kwamba mashine nyingi huarifu kwa uaminifu kifuniko kinapofungwa, lakini kinapofunguliwa huarifu kwa mashaka, au haziarifu kabisa. Waandishi wa kiini cha Linux wameliandika jambo hilo katika mwongozo wao. Mashine huamka, mfumo endeshi huuliza hali ya kifuniko, nao hupewa jibu lililochacha: “kimefungwa.” Linux hujizuia kulitekeleza jibu hilo kwa sekunde 30 baada ya kuamka, na sekunde hizo zikiisha hulala kwa utii. Nilipokiagiza kiini, kwa kigezo button.lid_init_state=open, kihesabu kifuniko kuwa wazi kila mashine inapoamka, maradhi yakaisha.

Sasa usingizi wenyewe. Kumbukumbu ya kompyuta ni mabilioni ya kapasita ndogo mno, ambazo chaji zake huvuja. Kila moja haina budi kujazwa upya katika kila milisekunde 64, la sivyo kilichoandikwa hufutika. Katika usingizi wa kawaida prosesa huzimwa, kioo huzimwa, diski huzimwa, na kumbukumbu peke yake huendelea kunyweshwa. Betri ya wati-saa 50 itakayoendesha kompyuta ya wati 10 kwa saa 5 itaiweka usingizini, kwa nusu wati, saa 100. Hii ndiyo maana ya kufunga kifuniko na kwenda zako. Lakini kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 Microsoft ilileta usingizi wa namna nyingine, ambao mashine hubaki tayari kupokea barua na habari kama simu. Mimi nauita usingizi wa mang'amung'amu. Kwa mashine iliyotengenezwa vema hauna madhara. Kwa nyingine, programu moja yenye kiherehere hutosha kuikesheza, na mwenyewe huikuta ndani ya mkoba ikiwa moto kama chungu na betri imekwisha. Anayesafiri na kazi asiyotaka ipotee aihifadhi kwanza, kisha aizime kabisa. Mazoea ya kukiamini kifuniko peke yake siyakubali, hata kwa mashine mpya.

Mwisho wa juma nilikwenda shuleni kwa yule mwalimu, tukawapima wagonjwa 6 pamoja na wanafunzi wake. Wawili hawakuwa na ugonjwa ila ule wa kupandishwa juu ya wenzao. Wa tatu hakuwa amelala kamwe: tulimulika kioo chake cheusi kwa tochi kwa upande, tukayaona maandishi hafifu yakiwa yangalipo; waya unaopita katika bawaba ulikuwa umekatika kwa kukunjwa mara nyingi, na waya si bodi. Wa nne betri yake ilikuwa imevimba, ikaunyanyua ubao wa kibodi hata kifuniko kisikae sawa. Hapo niliwaambia wanafunzi warudi nyuma. Betri ya lithiamu iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi, wala haichajiwi tena. Huondolewa na mtu anayeijua kazi hiyo. Wa tano alilala na hakuamka tena mpaka azimwe kwa nguvu, na mpaka leo sikupata sababu; mwalimu amempangia asilale kabisa, naye anafanya kazi maktabani akiwa daima kwenye chaja.

Wa sita hakulala alipofungwa. Sumaku ya jokofu ilimlaza mara moja, kwa hiyo kihisi kilikuwa kizima. Kibanio chetu cha karatasi hakikuvutwa popote upande wa kulia wa kifuniko, ambako wenziwe wote wana sumaku: gundi ilikuwa imeachia, nayo ikapotea. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alileta sumaku ndogo kutoka katika kisikizi kilichovunjika. Akaibandika, akafunga, haikulala. Darasa likaguna. Akaibandua, akaigeuza ncha ya pili, akafunga tena, na taa ya mashine ikaanza kupepesa polepole.